Kumlisha punda aliyeumia taya: Mwongozo kwa wafugaji wa Kitui na Makueni

WAHENGA walisema punda afe, mzigo ufike. Katika kaunti za Kitui na Makueni, methali hiyo ina kasoro moja kubwa: punda akifa, mzigo haufiki. Na mzigo wenyewe, aghalabu, ni maji ya kunywa na ya kupikia.

Punda, ambaye Wakamba humwita ing'oi, ndiye mchukuzi mkuu wa maji katika maeneo kame kama vile Mutomo, Ikutha, Kyuso, Kathonzweni na Kibwezi. Msimu wa kiangazi mito kama Tiva, Thua na Kaiti hukauka, ikabaki mchanga mtupu juu na maji chini yake. Familia huchimba visima kwenye mchanga huo, au hutegemea mabwawa ya mchanga yaliyojengwa na vikundi vya mwethya. Punda mmoja akibebeshwa mitungi minne ya lita 20, ameokoa safari nne za binadamu aliyejitwika mtungi mmoja mgongoni.

Kwa sababu hiyo, jeraha la taya ni pigo kwa boma zima. Mnyama aliyevunjika mguu huonekana na kila mtu. Aliyevunjika taya anaweza kusimama kizimbani akionekana mzima, kumbe ameshinda siku tatu bila kumeza hata unyasi mmoja. Wengi wa punda hawa hawauawi na mfupa uliovunjika. Wanauawa na njaa, na njaa ni jambo ambalo mfugaji ana uwezo wa kulizuia.

Mwongozo wa aina hii nchini Uingereza au Marekani huandikwa kwa ajili ya farasi. Ukambani farasi ni nadra, lakini punda na farasi ni wa ukoo mmoja, na midomo yao imeumbwa kwa mtindo unaofanana. Pale wanapotofautiana, punda ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi anapokosa chakula.

JINSI TAYA HUUMIA

Chanzo cha kawaida ni teke la punda mwenzake, hasa madume yanapogombania jike au wanyama wanaposongamana kwenye hori moja. Wengine huumia mkokoteni unapopinduka, wanapogongwa na magari kwenye barabara kuu, au wanapopigwa kwa fimbo na mawe kichwani. Fisi nao huwavamia punda waliofungwa nje usiku.

Kuna pia ajali ambayo wengi hawaifikirii. Punda huweza kunasa meno ya mbele kwenye waya wa ua, kamba au mdomo wa mtungi, kisha akashtuka na kujivuta nyuma kwa nguvu. Sehemu ya mbele ya taya la chini, pamoja na meno yake, huvunjika.

Dalili za kutazamwa ni hizi: mate yanayotiririka bila kukoma, wakati mwingine yakiwa na damu, uvimbe upande mmoja wa uso, meno ya juu na ya chini kutokutana sawasawa, harufu mbaya mdomoni, na punda kutafuna upande mmoja tu. Dalili nyingine ni madonge ya nyasi zilizotafunwa nusu kisha zikatemwa. Madonge hayo yakionekana kando ya hori, mfugaji ajue kwamba mnyama anajaribu kula lakini hawezi.

Punda hana desturi ya kulalamika. Maumivu ambayo yangemfanya farasi ajigaregaze, punda huyanyamazia. Hivyo basi, punda anayeonekana kuwa na maumivu kidogo anapaswa kuchukuliwa kuwa na maumivu makali.

TAHADHARI YA KWANZA: KICHAA CHA MBWA

Kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono katika mdomo wa punda anayetokwa na mate na kushindwa kumeza, ni lazima afikirie kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo humfanya mnyama ashindwe kumeza, na dalili zake zaweza kufanana na za taya lililovunjika. Mbwa na fisi wote huweza kuuambukiza kwa kuuma.

Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuwa za majaribio katika mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa, uliowekwa kwa kipindi cha 2014 hadi 2030. Mfugaji asichunguze mdomo bila glavu, na ikiwa punda aliumwa na mnyama mwingine au amebadilika tabia ghafla, amwachie daktari wa mifugo kazi hiyo. Mtu aliyeguswa na mate kwenye kidonda anapaswa kuosha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo.

KAZI YA DAKTARI

Chakula hakiwezi kuchukua nafasi ya matibabu. Daktari wa mifugo ndiye atakayeamua ikiwa mfupa utapona wenyewe au unahitaji kufungwa kwa waya kwenye meno. Mivunjiko mingi ya sehemu ya mbele ya taya la chini hupona vizuri kwa sababu eneo hilo lina damu ya kutosha. Mivunjiko ya nyuma, karibu na magego, ni migumu zaidi.

Daktari pia atatoa dawa ya maumivu, na dawa hiyo ni sehemu ya lishe, kwani punda aliyepungukiwa na maumivu hula. Mwili wa punda huondoa baadhi ya dawa upesi kuliko mwili wa farasi, hivyo vipimo vya farasi havimfai moja kwa moja, na tembe za binadamu zisitumiwe kabisa.

Kinga ya pepopunda isisahaulike. Si bure kwamba Waswahili waliupa ugonjwa huo jina la mnyama huyu. Punda na farasi huathiriwa nao kwa wepesi mno, na kidonda cha mdomoni kilichoguswa na udongo au kinyesi ni mlango wazi kwa vijidudu vyake.

Tangu sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, anayetibu mifugo kwa malipo nchini Kenya anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mfugaji ana haki ya kuuliza nambari ya usajili. Afisa wa mifugo wa wadi ndiye mtu wa kwanza wa kupigiwa simu.

KWA NINI NJAA HUMUUA PUNDA UPESI

Punda hula kidogo kidogo mchana na usiku. Tumbo lake ni dogo, na kazi kubwa ya kuchachua nyasi hufanyika katika utumbo mpana ulio nyuma. Nyasi ni lazima zisagwe vizuri na magego kabla ya kufika huko. Zikimezwa zikiwa ndefu, huweza kukwama kwenye umio au kuziba utumbo na kuleta msokoto wa tumbo. Isitoshe, punda hawezi kutapika. Kilichoingia vibaya hakirudi kwa njia kilikoingilia.

Hatari kubwa zaidi imo katika damu. Punda akikosa chakula, mwili huanza kuyeyusha mafuta uliyoyahifadhi ili upate nguvu. Kwa punda, shughuli hiyo huanza haraka na hukosa breki. Mafuta hufurika katika damu, yakaliziba ini na figo, na mnyama hukosa hamu ya kula kabisa, jambo linaloongeza mafuta hayo zaidi. Daktari akitoa damu na kuiacha itulie, sehemu ya juu huonekana kama maziwa. Wengi wanaofikia hatua hiyo hufa.

Walio katika hatari zaidi ni punda wanene, majike yenye mimba na yale yanayonyonyesha. Kwa hao, siku moja bila kula ni dharura. Dalili zake ni kuzubaa, kukataa chakula, pumzi yenye harufu mbaya, na kinyesi kidogo kilicho kikavu chenye utelezi juu yake.

Kwa hivyo lengo la siku za mwanzo ni moja: kitu fulani, hata kama si chakula bora, kipite kooni kila baada ya saa chache.

KIASI CHA CHAKULA

Punda mzima huhitaji chakula kikavu cha kati ya asilimia 1.3 na 1.8 ya uzito wake kwa siku. Kwa punda wa kilo 150, hicho ni kiasi cha kilo 2 hadi 2.7, kikipimwa kabla ya kuloweshwa. Anayeuguza jeraha alenge kiwango cha juu.

Kiasi hicho kisitolewe kwa mkupuo. Kigawanywe katika milo mitano au sita, mmoja ukiwa wa usiku kabla ya familia kulala na mwingine alfajiri. Chakula kilicholoweshwa huchacha upesi kwenye joto la Ukambani. Kilichobaki baada ya saa chache kitupwe na chombo kioshwe.

VYAKULA VINAVYOPATIKANA KARIBU

Nyasi ndizo msingi. Nyasi za asili za eneo hili, kama vile ndata kivumbu na mbeetwa, ambazo watafiti wa kituo cha Kiboko katika Kaunti ya Makueni wamezishughulikia kwa miaka mingi katika juhudi za kurejesha malisho, zinafaa sana zikivunwa kabla ya kukomaa na kuwa ngumu. Zikatwe kwa panga au mashine vipande visivyozidi urefu wa sentimita mbili, kisha ziloweshwe hadi zilegee. Vipande virefu vilivyotafunwa nusu ndivyo huziba koo.

Pumba za ngano huchanganywa ili kuleta ladha na nguvu. Konzi chache kwa kila mlo zatosha. Pumba zisiwe ndizo chakula kizima, kwani zina fosforasi nyingi kuliko kalisiamu, na mfupa unaounga huhitaji kalisiamu.

Majani ya mikunde husaidia kusawazisha upungufu huo. Kitui inajulikana kwa pojo, yaani ndengu, na kaunti zote mbili hulima kunde na mbaazi. Majani yake mabichi, au yaliyokaushwa kivulini na kusagwa, yana protini na kalisiamu. Vijiti na maganda magumu viondolewe. Majani laini ya viazi vitamu pia yanafaa.

Molasi iliyoyeyushwa katika maji, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa mlo, humvutia punda aliyekata tamaa. Katika msimu wa maembe, ambayo Makueni ina sifa nayo, nyama ya embe moja lililopondwa yaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kokwa itolewe, kwa kuwa huweza kumkaba. Karoti na ndizi mbivu zipondwe vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo.

Uji wa unga wa mahindi utumiwe kwa uangalifu. Kikombe kimoja cha unga katika rojo la nyasi hakina neno, lakini sufuria nzima ya uji huweza kusababisha msokoto wa tumbo na uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato. Punda akipona taya na kulemaa miguu, hakuna faida iliyopatikana.

NAMNA YA KUANDAA ROJO

Chukua sehemu moja ya nyasi zilizokatwakatwa, pumba na majani makavu, na sehemu tatu hadi nne za maji safi yenye uvuguvugu. Acha mchanganyiko uloweke kwa saa moja au zaidi, hadi usiwe na kipande kinachokwaruza kiganjani. Ongeza chumvi ya mezani nusu kijiko cha chai. Rojo la siku za kwanza liwe jepesi kama uji. Baada ya hapo liongezwe uzito polepole.

Liwekwe kwenye karai pana lenye kina kifupi, chini ardhini au kwenye kiinuko kidogo, ili punda alifikie kwa midomo na ulimi bila kuuma. Ndoo nyembamba na mitungi iliyokatwa mdomo haifai, kwani taya huweza kunasa tena.

Maji ya kunywa nayo yawe safi na karibu. Punda ni mteuzi wa maji. Machafu huyakataa hata akiwa na kiu. Ikiwa hawezi kunyonya vizuri, rojo jepesi litamsaidia kupata sehemu ya maji anayohitaji.

Baada ya kila mlo, mdomo usafishwe ili mabaki yasioze kwenye kidonda. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapitishwe polepole kwa bomba lisilo na sindano kutoka pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa kimeinama ili maji yatoke nje.

Wafugaji wengine hujaribu kumlazimisha punda kwa kumiminia uji kwa chupa huku kichwa kimeinuliwa juu. Njia hii ni hatari. Uji huingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu inayoua. Asiyeweza kumeza kabisa anahitaji mpira wa puani, na huo hupitishwa na daktari pekee.

VITU VYA KUEPUKWA

Chakula cha kuku kisimkaribie punda. Baadhi ya vyakula hivyo huwa na dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa kuku, kama vile monensini, ambayo kwa punda na farasi ni sumu ya moyo hata kwa kiasi kidogo. Chakula cha ng'ombe wa maziwa kilichotiwa yurea pia kiepukwe.

Mahindi yenye kuvu yasitumiwe kwa kisingizio kwamba binadamu hawezi kuyala. Wakazi wa eneo hili wanakumbuka mwaka 2004, ambapo sumu ya kuvu katika mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Aina nyingine ya kuvu ya mahindi huharibu ubongo wa farasi na punda.

Mtama mchanga uliodumaa kwa ukame una sumu ya sianidi. Majani ya mparachichi nayo ni sumu. Mabua makavu ya mahindi yasiyosagwa ni magumu mno kwa taya bovu.

WIKI HADI WIKI

Siku tatu za kwanza, apewe rojo jepesi kila baada ya saa tatu au nne, pamoja na dawa ya maumivu. Asipokula chochote kwa siku nzima, daktari aitwe tena bila kusubiri.

Hadi mwisho wa wiki ya pili, rojo liwe zito zaidi. Asiachwe kung'oa nyasi malishoni wala kuvuta matawi ya vichaka, kwani kitendo cha kuuma na kuvuta hutingisha mfupa unaoanza kuunga.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita, aongezewe majani mabichi laini yaliyokatwa kwa mkono. Madonge yaliyotemwa yakionekana tena, arudishwe kwenye rojo.

Mfupa wa taya kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane ili ushikane. Baada ya hapo, na kwa idhini ya daktari, arejeshwe malishoni hatua kwa hatua katika muda wa siku 10 hadi 14.

Kila wiki mfugaji apapase mbavu na uti wa mgongo. Nywele huficha mengi. Kiganja huona kuliko jicho. Kamba ikizungushwa kifuani nyuma ya miguu ya mbele na kutiwa fundo, itaonyesha wiki ijayo kama mnyama anapungua.

Punda mwenza asitengwe naye. Wanyama hawa hushikamana wawili wawili, na anayetenganishwa na mwenzake huweza kususia chakula kwa huzuni. Mwenza akizuiwa tu asile rojo la mgonjwa, yatosha.

Ikiwa jino lilivunjika, lile linalolielekea litaendelea kuchomoza bila kusuguliwa, kwa kuwa meno ya punda hukua nje ya ufizi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Daktari alikague na kulipiga tupa kila mwaka.

NANI ATATEKA MAJI?

Hili ndilo swali zito. Wiki nane bila punda ni muda mrefu kwa mama aliye mbali na mto. Ndipo wengi humfunga mgonjwa matandiko kabla hajapona, naye huanguka njiani. Mnyama asiyeshiba hana nguvu za mzigo, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha.

Njia ya kale ingali na manufaa. Vikundi vya mwethya vinavyochimba mitaro na kujenga mabwawa ya mchanga vinaweza kupanga zamu ya kuazimana punda, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Atakayerudi kazini aanze na mitungi miwili badala ya minne, na kamba ya kichwani isipite juu ya sehemu iliyovunjika.

Kununua mwingine si rahisi kama zamani. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katika kipindi hicho vichinjio vya punda vilifunguliwa, kikiwemo kimoja katika kaunti jirani ya Machakos, ili kuuza ngozi ng'ambo, na wizi wa punda ukaenea. Serikali ilitangaza marufuku mnamo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka uliofuata, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani.

Kwa hali hiyo, punda aliye kizimbani na taya lililofungwa ni mali isiyofaa kukatiwa tamaa. Anachohitaji ni karai la rojo mara tano au sita kwa siku, maji safi, na mtu wa kuamka alfajiri kuangalia kama karai li tupu.